Taa ya Oili Isiyozimika: Somo la Saketi kwa Kutumia Dashibodi ya Gari la Zamani

Makala haya yamekusudiwa walimu wanafunzi watakaofundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na hasa mada ya umeme. Mada hiyo aghalabu hufundishwa kwa kuchora ubaoni betri moja, balbu moja na nyaya mbili. Wanafunzi hunakili mchoro na kukariri kwamba saketi ni njia ambayo mkondo wa umeme hupita. Mtihani ukifika, hujibu vizuri. Lakini mpe mwanafunzi huyo huyo tochi isiyowaka, umwulize ataanza kutafuta wapi. Ataitikisa, ataipigapiga kiganjani, kisha atasema kwamba betri zimekwisha. Huenda ni kweli zimekwisha. Lakini yeye hakujua, alibahatisha. Kumtoa mwanafunzi katika kubahatisha na kumfikisha kwenye kujua ndiyo kazi tunayoishughulikia hapa, na zana tutakayoitumia ni ile safu ya taa ndogo zilizo mbele ya dereva katika gari la zamani.

Tunasema gari la zamani kwa makusudi. Katika magari ya miaka ya karibuni taa nyingi za dashibodi huwashwa na kompyuta. Taa ya njano yenye umbo la injini, kwa mfano, haiwashwi na swichi moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Kompyuta huamua, na fundi huhitaji chombo maalumu cha kusomea namba ya hitilafu. Marekani ililazimisha mfumo wa namna hiyo katika magari madogo yote ya mwaka 1996 na kuendelea, na nchi nyingine zikafuata. Lakini katika Land Rover za mfululizo wa tatu, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, au katika Peugeot 504 iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1968, kila taa ina waya wake na swichi yake. Mtoto anaweza kuufuata waya huo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Magari ya aina hiyo bado yapo: mengine yanatembea, mengine yamelala nyuma ya karakana, na dashibodi iliyong'olewa kutoka gari bovu yafaa kwa somo sawasawa na ile ya gari zima.

Mwalimu hana budi kuielewa kwanza saketi ya gari yeye mwenyewe. Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Ncha yake hasi hufungwa kwa waya mnene kwenye bodi ya gari na kwenye injini. (Baadhi ya magari ya kale ya Uingereza yalifungwa kinyume, ncha chanya ikiwa kwenye bodi, fundi ataijua gari ya namna hiyo.) Kutoka ncha chanya umeme hupelekwa kwa nyaya hadi kwenye kila kifaa, na baada ya kufanya kazi hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha bodi. Kwa hiyo ukiitazama balbu ndani ya gari waweza kuuona waya mmoja tu unaoiendea, ukadhani saketi yake ni ya waya mmoja. Sivyo. Waya wa pili upo: ni gari lenyewe. Mafundi huuita ethi. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndipo watoto wengi hupotelea.

Sasa tuiangalie taa ya oili. Dereva akifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, umeme hutoka betrini, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia katika balbu ya oili, na kutoka upande wa pili wa balbu hufuata waya mwembamba mpaka kwenye swichi ndogo iliyokazwa ubavuni mwa injini. Ndani ya swichi hiyo mna kiwambo na springi. Injini ikiwa imesimama, oili haisukumwi, springi huyagusanisha mabati mawili, na umeme hupata njia ya kuingia katika chuma cha injini na kurudi betrini. Taa huwaka. Injini ikianza kuzunguka, pampu huisukuma oili, kiwambo huinuliwa, mabati huachana, na taa huzimika. Katika magari mengi swichi hii huachana kanieneo ya oili inapofikia theluthi hadi nusu hivi ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Hicho ni kiwango kidogo sana. Injini ya kawaida iliyo katika mwendo huwa na kanieneo iliyo mara kadhaa ya hiyo. Ina maana kwamba taa ya oili haimwambii dereva kuwa oili inatosha. Humwambia tu kwamba karibu hakuna kanieneo yoyote iliyobaki, na injini inayoendeshwa katika hali hiyo yaweza kuharibika kabisa kwa dakika chache. Oili hupimwa kwa kijiti chake, wala si kwa taa.

Tazama pia mahali swichi ilipo. Iko baada ya balbu, kwenye njia ya kurudia. Katika mchoro tulioukariri shuleni swichi huwekwa kati ya ncha chanya na balbu, na wanafunzi wengi huamini kwamba hapo ndipo mahali pake pekee.

Taa ya chaji ni ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. Nayo hupata umeme kutoka kwenye ufunguo. Lakini upande wake wa pili hauendi kwenye swichi, huenda kwenye alteneta, au kwenye dainamo katika magari ya zamani zaidi. (Alteneta ilianza kuwa kifaa cha kawaida katika gari la kiwandani kwa Chrysler Valiant ya mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata dainamo ikatoweka polepole.) Injini ikiwa imesimama, alteneta haizalishi kitu, waya uliozungushwa ndani yake huwa ni njia tu ya umeme kufikia kwenye chuma, na taa huwaka. Injini ikizunguka, alteneta nayo huanza kutoa volti zake. Hapo balbu hupata volti 13 au 14 upande wa betri, na volti hizo hizo upande wa alteneta. Pande zote mbili zina umeme, na taa imezimika! Mwulize mwanafunzi sababu, nawe utajua kama ameelewa volti ni nini.

Mfano unaosaidia ni wa mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa mrija chini. Pipa moja likiwa na maji na jingine tupu, maji hupita kwa nguvu. Maji yakilingana kimo katika mapipa yote, mrija umejaa maji lakini hayatembei. Na pipa moja likipungua kidogo tu, maji hupita polepole. Ndivyo ilivyo taa ya chaji inayowaka kwa wekundu hafifu gari likiwa katika mwendo: volti za pande mbili hazilingani sawasawa. Huenda mkanda unateleza, huenda kiungo fulani kimeshika kutu, au sehemu mojawapo ndani ya alteneta imekufa. Wekundu hafifu ni habari kamili, wala si nusu ya habari.

Katika magari mengi ya zamani mkanda mmoja huzungusha alteneta pamoja na pampu ya maji. Katika Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa, mkanda huo huo huzungusha feni inayoipoza injini. Mkanda ukikatika, taa ya chaji huwaka. Dereva asiyejua hudhani kwamba betri pekee ndiyo iliyo hatarini na kwamba anaweza kufika mjini kabla haijaisha, kumbe injini inaungua.

Tena kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hawalijui. Katika alteneta nyingi za zamani, ule umeme mdogo unaopita katika balbu ya chaji ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, alteneta yaweza isianze kuchaji, au ikaanza tu injini ikikimbizwa sana. Dereva haoni taa yoyote nyekundu na moyo wake unatulia, mpaka asubuhi moja gari lisipowaka. Taa iliyokufa na taa yenye habari njema hufanana kwa sura. Ndiyo sababu taa za dashibodi hukaguliwa kabla injini haijawashwa: ufunguo ukifunguliwa, taa ya oili na ya chaji sharti ziwake zote mbili.

Taa ya breki haina haja ya maelezo marefu. Katika magari mengi ina swichi mbili zilizofungwa sambamba, moja kwenye breki ya mkono na nyingine kwenye kikopo cha mafuta ya breki; yoyote kati yake ikifunga, taa huwaka. Breki ya mkono ikiwa imeshushwa na taa ingali inawaka, mafuta ya breki hutazamwa kwanza, wala gari halitembezwi kwa kisingizio kwamba pengine swichi ni mbovu. Taa ya buluu ya mwanga mkali na zile za kijani za kuonyesha upande wa kugeukia ni za kuarifu tu.

Kabla ya kuingia darasani mwalimu yafaa ajue watoto huja na mawazo gani juu ya umeme, maana hakuna mtoto anayekuja na kichwa kitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Roger Osborne wa New Zealand aliwauliza watoto jinsi betri inavyowasha balbu, na majibu yao yakaonekana kuwa ya namna chache zinazojirudia. Wako waliodhani kwamba waya mmoja watosha, umeme ukienda kwenye balbu na kuishia humo. Wako waliodhani kwamba umeme hutoka ncha zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, na mgongano ndio unaotoa mwanga. Na wako, tena wengi, waliodhani kwamba umeme huzunguka lakini balbu huula sehemu yake, hata unaporudi huwa ni mchache. Wachache ndio walioshika kwamba mkondo ni ule ule kabla ya balbu na baada yake. Yeyote aliyefundisha mada hii atawatambua watoto hao katika darasa lake mwenyewe.

Hapo utaona kwa nini gari ni zana nzuri na pia ya hatari. Mtoto wa wazo la kwanza akionyeshwa balbu ya gari yenye waya mmoja atafurahi: si nilisema? Somo lako litakuwa limemthibitishia kosa lake. Kwa hiyo usianze kabisa na gari. Anza na ubao utakaouelezwa hapa chini, ambao bodi yake ni bati linaloonekana, na umwachie mtoto mwenyewe aliondoe bati aone taa zote zikizimika kwa pamoja. Mtoto wa wazo la tatu naye atapata taabu mbele ya swichi ya oili. Ikiwa balbu huula umeme kwanza, swichi iliyo nyuma yake itauzimaje? Mwache ataabike kidogo. Usiharakishe kumpa jibu.

Ubao wenyewe ni wa kujitengenezea. Tafuta kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40 hivi. Pigilia juu yake bati lililokatwa kutoka kwenye debe, kingo zikiwa zimekunjwa zisikate vidole. Hilo ndilo bodi ya gari. Pata balbu tatu za tochi za volti 2.5 na betri nne za tochi. Betri mbili zilizounganishwa mkia kwa kichwa ndizo betri ya gari, ncha hasi ikiwa imefungwa kwenye bati. Kutoka ncha chanya peleka waya kwenye ukanda wa bati unaofunguka na kufunga. Huo ni ufunguo. Kutoka kwenye ufunguo waya mmoja hugawanyika kwenda kwenye balbu zote tatu. Angalia balbu na nyaya hizi zisiguse bati mahali pengine popote.

Waya unaotoka kwenye balbu ya oili ufunge kwenye ukanda mwembamba wa bati unaojikunja wenyewe na kuligusa bodi. Chini ya ukanda huo weka puto dogo lenye mrija. Mwanafunzi akipuliza, puto huvimba, ukanda huinuka, taa huzimika. Pumzi ya mtoto ndiyo pampu ya oili. Watoto hulipenda puto hili mno, na mwalimu awe tayari kugawa zamu. Balbu ya breki iwekee swichi mbili za kawaida, zote zikielekea kwenye bati.

Balbu ya chaji huunganishwa hivi: upande wake wa pili uwe na waya mrefu usiofungwa. Waya huo ukigusishwa kwenye bati, injini imesimama, taa huwaka. Sasa chukua betri mbili zilizobaki, uziunganishe nazo mkia kwa kichwa, ncha yao hasi uigusishe kwenye bati, na ule waya uuhamishe kutoka kwenye bati hadi kwenye ncha yao chanya. Taa huzimika, ingawa betri zimeongezeka. Kisha toa betri moja katika hizo mbili ili ibaki moja tu: taa huwaka hafifu. Jaribio hili la mwisho lichukue sekunde chache tu, kwa kuwa betri za tochi hazikutengenezwa kupokea chaji.

Somo lenyewe lipewe vipindi viwili vinavyofuatana. Katika kipindi cha kwanza wanafunzi huutumia ubao ukiwa mzima, na kuchora njia ya umeme ya kila taa kwa penseli ya rangi, mpaka mstari urudi ulikotoka. Usikubali mchoro ambao mstari wake unakoma kwenye balbu.

Kipindi cha pili ndicho kiini. Mwalimu huutoa ubao nje, huuharibu kwa siri, kisha huurudisha. Kila kundi liwe na safu tatu daftarini: tulichoona, tunachodhani, tulichojaribu. Sheria ni mbili. Kabla ya kugusa kitu, kundi liseme linatazamia kuona nini. Na kila mara kiguswe kitu kimoja tu. Mwanafunzi anayebadili balbu, akasugua waya na kubana swichi kwa pamoja, kisha taa ikawaka, ameitengeneza taa lakini hakujifunza chochote, na kesho ikizimika ataanza upya.

Kwa kosa la kwanza legeza balbu ya oili kidogo. Mazungumzo yatakwenda takriban hivi:

“Mwalimu, balbu ya oili imeungua.”

“Umejuaje?”

“Haiwaki.”

“Na nikitoa betri, zote zisipowaka, zitakuwa zimeungua zote?”

Kimya. Kisha mmoja atasema, “Tuihamishe ile ya breki tuiweke hapo.” Huyo ameanza kufikiri kama fundi. Mwulize hata hivyo: ikiwaka utajua nini, na isipowaka utajua nini? Jaribio ambalo majibu yake yote mawili yanakufundisha kitu ni jaribio zuri.

Kosa la pili liwe la kukata waya wa ufunguo kabla haujagawanyika, ili taa zote tatu zife pamoja. Hapa watoto wengi hukimbilia tena balbu. Waulize kama waliwahi kuona balbu tatu zikiungua kwa dakika moja. Taa kadhaa zikifa pamoja, kosa hutafutwa mahali zinapokutana: fyuzi, ufunguo au waya wa pamoja. Taa moja ikifa peke yake, kosa hutafutwa katika njia yake mwenyewe. Nadhani hakuna kanuni yenye faida kubwa kuliko hii katika somo zima, na itamfaa mtoto hata siku nyumba nzima ikiwa gizani ilhali kwa jirani umeme unawaka.

Kosa la tatu ni lile la kichwa cha makala haya. Chuna sehemu ya waya ulio kati ya balbu ya oili na swichi yake, uache iliyochunwa iguse bati mahali pasipoonekana kwa urahisi. Sasa watoto watapuliza puto mpaka mashavu yaume, na taa haitazimika. Hapa pana makosa matatu yanayowezekana. Puto linaweza kuwa limetoboka, yaani oili haina kanieneo. Ukanda unaweza kuwa umegandana na bati, yaani swichi ni mbovu. Waya unaweza kuwa umepata ethi njiani. Ni jaribio gani moja litakaloyatenga? Waache watafute. Jibu ni kuufungua waya pale kwenye ukanda. Taa ikizimika, waya ni mzima. Taa ikiendelea kuwaka, umeme unarudi betrini kwa njia nyingine kabla ya kufika kwenye swichi, na waya sharti ufuatwe inchi kwa inchi. Mtoto aliyeamini kwamba balbu huula umeme atajikuta akisema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba umeme “unarudi”. Usimpongeze kwa kelele. Mwambie aandike.

Baada ya hapo ndipo darasa liende kwenye gari. Mwombe fundi wa jirani, na mkubaliane mapema yatakayofanyika. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gurudumu limezuiwa kwa jiwe. Injini isiwashwe kabisa. Somo lote hufanyika kwa kufungua ufunguo tu. Mwanafunzi yeyote asiwe na bangili wala pete karibu na betri, asiinamie betri, na asichukue waya akaugusisha kutoka ncha chanya hadi kwenye bodi, kwa kuwa hapo hakuna kitu cha kuuzuia mkondo, na waya huo utawaka moto mkononi mwake. Kuugusisha waya wa swichi ya oili kwenye injini ni salama kwa sababu mkondo wake hupita kwanza katika balbu. Balbu ya dashibodi ya wati 2.2 kwa volti 12 hupitisha kiasi cha ampea 0.18 tu. Mwalimu mwanafunzi ahakikishe kwamba anaweza kulifafanua jambo hili kwa kanuni ambayo Georg Ohm aliitangaza mwaka 1827, maana mtoto mmoja lazima atauliza.

Fundi afungue ufunguo. Taa ya oili imewaka. Autoe waya kwenye swichi ya oili: imezimika. Auguse waya huo kwenye chuma safi cha injini: imewaka tena. Aguse mahali penye rangi au kutu: huenda isiwake. Hapo wanafunzi wataona kwa nini fundi hubeba msasa. Mwanafunzi mmoja akae mbele ya usukani na kutangaza kwa sauti, “Imewaka, fundi,” “Imezimika, fundi,” ili wote walioko mbele ya boneti wajue.

Kama fundi ana dashibodi yenye ethi mbovu, na magari ya zamani hayapungukiwi nazo, aionyeshe. Dereva akiwasha taa ndogo, taa ya kijani ya upande wa kulia nayo huwaka kidogo. Akionyesha anakata kulia, mwanga wa dashibodi hupepesa. Watu husema gari limerogwa. Umeme wa taa za dashibodi umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, umegeuka nyuma kupitia balbu ya kijani, ukatokea kwenye taa kubwa ya nje na kurudi kwa chuma cha huko. Waya mmoja wa ethi ukikazwa na kusafishwa, uchawi wote huisha.

Kuna swali ambalo ubao na gari kwa pamoja haviwezi kulijibu, na mwalimu asilifiche. Tuchukue dereva wa lori ambaye taa yake ya oili imewaka njiani. Amesimama, amezima injini, amepima kijiti, oili ipo. Amefungua ufunguo na kuutoa waya kwenye swichi, taa imezimika. Sasa anajua kwamba waya ni mzima. Lakini kati ya swichi mbovu na pampu mbovu hajui lipi ni lipi, na taa haiwezi kumwambia, kwa kuwa zote mbili huiwasha kwa namna moja. Mwezi uliopita taa hiyo hiyo iliwaka na ikawa ni swichi. Nyuma yake ana magunia ya mahindi yanayosubiriwa na shule ya bweni. Atafanya nini? Wengi huutoa waya, wakaufunga pembeni, na kuendelea na safari kwa kuwa “ni ile swichi tena”. Njia ya kujua ipo: swichi hufunguliwa, na mahali pake hukazwa geji ya kupimia kanieneo, kisha injini huzungushwa kidogo na sindano hutazamwa. Bila geji hiyo anachokijua ni kwamba hajui, na gari halitembei. Wape wanafunzi kisa hiki na uwaache wajadiliane juu ya mahindi, injini na shule. Nimeona kwamba darasa hugawanyika, tena kwa hoja nzuri pande zote, na wale wa kuendelea na safari mara nyingi ndio wenye wazazi madereva.

Kwa upimaji yatosha maswali matatu, kila moja lijibiwe kwa mchoro na kwa maneno. La kwanza: ufunguo umefunguliwa, taa ya chaji na ya breki zimewaka, ya oili haikuwaka, taja mambo matatu yanayoweza kuwa sababu na jaribio la kulitenga kila moja. La pili: taa ya chaji inawaka hafifu usiku wakati dereva amewasha taa kubwa, na mchana huzimika kabisa, eleza kwa mfano wa mapipa. La tatu: dereva amefungua ufunguo, hakuna taa hata moja ya tahadhari iliyowaka, naye amesema, “Vizuri, gari langu ni zima.” Mwanafunzi atakayekubaliana na dereva huyo mrudishe kwenye ubao, toa balbu zote tatu mbele ya macho yake, toboa puto, kisha umwulize taa zinasema nini.